Majeshi yalianza lini kuokoa watu kwa helikopta?

Swali (Goma): Ndugu zangu, hapa tumezoea helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa, je, ni lini majeshi yalianza kuokoa watu kwa chombo hicho?

Jibu (Bukavu): Ndugu, uokoaji wa kwanza vitani ulifanyika Burma, Aprili 1944, ambapo Luteni Carter Harman wa Marekani, akirusha helikopta aina ya Sikorsky YR-4B, aliwatoa rubani mmoja na askari watatu wa Uingereza katika eneo lililoshikwa na Wajapani. Kwa kuwa injini ilikuwa dhaifu na joto lilikuwa kali, alibeba mtu mmoja tu kila safari, jambo ambalo kwangu linastahili sifa kuliko vita vyenyewe.

Jibu (Lubumbashi): Marekani iliunda idara ya uokoaji wa anga mwaka 1946. Mwaka 1967 helikopta mbili za HH-3E zilivuka Atlantiki hadi Paris bila kutua, zikijazwa mafuta angani. Uingereza nayo ilitumia helikopta za uokoaji za manjano aina ya Sea King hadi 2015.

Swali (Goma): Asanteni. Je, mwinuko wetu wa takriban mita 1,500 una athari?

Jibu (Bukavu): Naam. Hewa ikiwa nyepesi, mapanga yanayozunguka juu ya helikopta hupata nguvu kidogo ya kuinua na injini nayo hupungua nguvu, hivyo rubani hulazimika kupunguza mzigo au mafuta.