Supavaiza anataka nifute sura ya wahadhiri kwenye utafiti wangu wa misimamo ya kisiasa chuoni. Naombeni ushauri

Mtafiti Njiani
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, usingizi umenipaa.

Niko mwaka wa mwisho, Sayansi ya Siasa. Utafiti wangu unahusu misimamo ya kisiasa ya wanafunzi na wahadhiri wa chuo chetu: nani anaegemea chama tawala, nani upinzani, nani hana habari na chama chochote, na kama msimamo wa mwalimu unamwambukiza mwanafunzi. Madodoso niligawa, majibu nimeshayaingiza kwenye kompyuta. Supavaiza kapitia rasimu, alipofika sura ya wahadhiri akaniambia niitoe yote nibaki na wanafunzi. Sababu hakufafanua, kasema tu haiwezi kukaa pale. Mimi naona hizo ni siasa. Ana upande wake, chuo kizima kinajua.

Nikiitoa, swali la utafiti linakufa. Nikikomaa, ndiye anayenipa alama. Niombe kubadilishiwa supavaiza, au niandike barua kwa mkuu wa idara?

Kijiti
Usishindane na mwenye kalamu nyekundu. Toa sura, chukua cheti, ukishahitimu andika unachotaka. Rafiki yangu alibishana na supavaiza kuhusu nadharia tu, akahitimu mwaka mmoja nyuma yetu.

Mzee wa Changanyikeni
Kijana, mada yako tamu sana. Watu hudhani chuo kikuu kina mrengo mmoja milele. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wengine wamebeba mabango kwamba afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na pale pale Mlimani ikazaliwa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, mwenyekiti wake Yoweri Museveni, vijana walioona TANU inakwenda polepole mno kwenye ujamaa! Kama mwaka mmoja tu, kutoka kulilia maslahi hadi kuidai serikali mapinduzi zaidi. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alikuwa anafundisha hapo. Wakaanzisha jarida lao, *Cheche*, na Issa Shivji akaandika humo. Novemba 1970 likafungiwa, na USARF nayo. Waliofungia walikuwa wajamaa vilevile. Somo la lazima la Maendeleo mnalolilalamikia nyie lina mizizi kwenye mijadala ya miaka hiyo.

Kwa hiyo sura ya wahadhiri usiitoe. Bila walimu, historia ya Mlimani huwezi kuielewa hata kidogo.

Yanga Damu
Mimi wakiniletea dodoso linauliza chama, naandika Yanga.

Takwimu
Yanga Damu anatania, lakini hapo ndipo penye tatizo. Tume ya Nyalali, ile ya kukusanya maoni kuhusu chama kimoja au vyama vingi, ilipozunguka nchi mwaka 1991, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na 1992 vikaruhusiwa. Mimi siku zote hujiuliza ni wangapi walisema wanachotaka, na wangapi walisema walichodhani muulizaji anataka kusikia. Mtu hasemi ukweli wa siasa yake mpaka awe na hakika hautamrudia.

Mtafiti, kabla sijajibu lako: dodoso lilikuwa na jina au namba ya mtu?

Mtafiti Njiani
Shikamoo mzee wa Changanyikeni, ahsante sana, nitaiweka hiyo kwenye usuli.

Mkuu Takwimu, kwenye usiri hakuna shida. Ukurasa wa kwanza niliandika kwamba majibu yote yatakuwa siri. Naomba turudi kwenye swali: nibadilishe supavaiza au nisibadilishe?

Takwimu
Sijauliza uliandika nini ukurasa wa kwanza. Nimeuliza kama lilikuwa na namba.

Mama Salma
Umeulizwa jambo dogo mwanangu, mbona unalizunguka?

Mtafiti Njiani
Lilikuwa na namba ya usajili, kwa wanafunzi tu. Ilikuwa ya kuwafuatilia wasiorudisha, ni kitu cha kawaida. Wahadhiri hawakuandika jina wala namba, waliandika idara, jinsia na mwaka wa kuajiriwa basi. Na faili liko kwangu.

Dada wa Hosteli
Liko kwako tu? Hakuna mwingine aliyeliona wala kuliomba?

Mtafiti Njiani
Sawa, niseme, maana naona mmeshanishuku.

Kuna kaka mmoja aliwahi kuwa kiongozi wa wanafunzi hapa, sasa yuko kwenye chama, sitaji chama gani. Alisikia habari za utafiti wangu, akaomba faili zima aone chama chake kinapwaya mabweni gani na kozi gani. Atanisaidia gharama za kuchapa na kujalidi, na nikimaliza ataniombea nafasi ya kujitolea anapofanya kazi. Nimeshamkubalia. Tunaonana Jumamosi.

Kabla hamjanirukia: si mpelelezi. Nilipokosa mkopo mwaka wa kwanza ndiye aliyenishika mkono. Vyama vyote vinachunguza wapiga kura. Na tasnifu ikishapelekwa maktaba si kila mtu ataisoma? Sasa siri iko wapi hapo?

Mama Salma
Mwanangu, maktaba zitakwenda asilimia. Huyo kaka anachukua watoto wa watu, kila mmoja na namba yake. Walikupa amana. Deni la wema wa huyo kaka ni lako wewe, lilipe kwa mali yako, usilipe kwa mali ya wenzio. Nina mtoto chuoni. Nikiwaza kwamba jina lake lingekuwa kwenye faili kama hilo, mwili unanisisimka.

Dada wa Hosteli
Nitawaambia yaliyotukuta sisi, chuo sitaji. Tulihudhuria semina ya chama fulani, tukasaini karatasi ya mahudhurio kama kawaida ya semina yoyote. Muhula uliofuata, mgao wa vyumba ulipotoka, waliosaini wengi hawakupata. Sina ushahidi kwamba karatasi ile ndiyo sababu. Lakini aliyekuwa anaitunza alikuwa rafiki yetu, na tulipomuuliza alisema maneno kama ya kwako: namjua niliyempa, si mtu mbaya. Urafiki uliishia hapo. Na mimi tangu wakati huo mtu akiniuliza siasa namjibu sina. Ninayo, tena nina uchungu nayo, ila dodoso la kesho halitaipata kwangu. Umeuliza kama mwalimu anamwambukiza mwanafunzi msimamo. Kinachoambukiza vyuoni ni woga.

Msomi wa Sheria
Kwa faida ya wote: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 2023. Msimamo wa kisiasa wa mtu unaotambulika nao ni taarifa nyeti, si kitu cha kumpa rafiki kwenye flashi. Uliikusanya kwa ajili ya tasnifu. Kuipeleka kwenye kampeni ni matumizi mengine kabisa, na aliyejaza hakuyakubali.

Nyundo
Wakuu, mnakunywa chai hapa. Nani mwenye akili timamu anaandika namba ya usajili kisha anataja chama chake? Na mhadhiri gani wa nchi hii, tena jicho lake liko kwenye uteuzi, anajaza dodoso la dogo wa mwaka wa mwisho? Huyu ni mtu wa chama anapima upepo, au mwandishi anatafuta habari. Angalieni akaunti yake, mpya kabisa.

Kijiti
Hata mimi nimeanza kuona hivyo. Mara supavaiza, mara kaka wa chama, mara Jumamosi. Hadithi inaongezeka kila akibanwa.

Yanga Damu
Nimevuta kiti, endeleeni.

Mzee wa Changanyikeni
Hata kama ni chai, mambo haya yapo. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Akivaga, alifukuzwa chuo, na wanafunzi wakasusia masomo. Machi 1978 waliandamana kupinga nyongeza za maslahi ya mawaziri na wabunge, wakatimuliwa mamia. Kila mara serikali inapokuwa na hofu na chuo, kitu cha kwanza kutafutwa ni majina.

Mtafiti Njiani
Nyundo, unaniudhi bure. Wanafunzi waliandika namba kwa sababu mimi ni mwenzao, wananiamini. Wahadhiri wengi hawakurudisha, ni kweli, ndiyo maana niliweka jedwali la kila idara, lionyeshe nani alirudisha na alisema nini. Kuna idara wanawake waliojaza ni wawili tu, mmoja wa siku nyingi, mwingine ameajiriwa juzi juzi. Mtu anayetunga angejisumbua kutunga hilo?

Takwimu
Ndugu yangu, soma tena ulichoandika. Jedwali hilo limo kwenye rasimu aliyopewa supavaiza?

Mtafiti Njiani
Limo.

Takwimu
Na idara hiyo ni ipi? Jina usilitaje.

Mtafiti Njiani
Ni yetu. Ndiyo, yeye ni mmoja wa hao wawili. Lakini hakuna jina popote, na angeweza kuniambia waziwazi badala ya kuzungukazunguka.

Mama Salma
Akuambie nini? "Mimi ndiye huyu hapa, na hiki ndicho chama changu"? Mama wa watu amejikuta kwenye jedwali la mwanafunzi wake, akakuomba uliondoe kwa heshima. Wewe ukaona siasa.

Nyundo
Chai inazidi kukolea. Ila kama ni kweli, huyo mama ana bahati mbaya na mwanafunzi.

Takwimu
Sura haifi. Acha jedwali la idara kwa idara. Unganisha idara ziwe makundi makubwa: sayansi, sanaa, biashara. Mwaka wa kuajiriwa ugeuze kuwa kabla ya 2010 na baada. Jinsia iondoe kabisa kwa wahadhiri, sampuli yako haiibebi. Kisanduku chochote chenye watu wachache kiunganishe na cha jirani. Safu ya namba za usajili ifute, kwenye hesabu zako haina kazi. Halafu nenda kamwambie supavaiza ulichofanya na sababu yake. Nina hakika ataisoma tena hiyo sura.

Mtafiti Njiani
Na yule kaka? Nimeshatoa neno. Nikimpa asilimia za kozi kwa kozi tu, bila namba?

Msomi wa Sheria
Kozi ikiwa na wanafunzi wachache na wote wakawa upande mmoja, umeshamtaja kila mtu. Mwambie utafiti uko chini ya supavaiza na data haitoki. Huo ni ukweli, hutalazimika kudanganya.

Mtafiti Njiani
Safu ya namba nimeifuta sasa hivi. Karatasi zenyewe bado ziko chumbani, zina namba juu kulia. Nizichome?

Takwimu
Usichome kitu kabla ya difensi, yaani kabla hujaitetea tasnifu. Zifungie, muulize supavaiza zihifadhiwe wapi. Nakala nyingine za faili ziko wapi? Barua pepe, flashi, kompyuta ya stesheneri?

Mtafiti Njiani
Flashi ninayo moja. Nilimwazima yule kaka achukue fomu zake. Nadhani faili halimo.

Dada wa Hosteli
Unadhani?

Takwimu
Usingoje Jumamosi. Mfuate leo, urudi na flashi yako.