Swali lina logi zote, anajibu "Kwangu inafanya kazi", halafu ANALIFUNGA

Wakuu, sina haja ya kumtaja, mnamjua: ni yule mtunzaji wa seva inayomuunganisha ajenti wa AI (programu inayotumia modeli kufanya kazi yenyewe) na utafutaji wa mtandaoni. Kila aliyewahi kumwekea ajenti chombo cha kutafuta mtandaoni amepita mikononi mwake. Leo kapewa swali kwenye mradi wake lenye logi (kumbukumbu za programu) zote, amri zilizotumika na toleo la programu. Kajibu maneno matatu, "Kwangu inafanya kazi", akalifunga. Hata mlinzi wa gereza hafungi kwa kasi ile!

Tatizo lenyewe ni dogo. SearXNG (programu ya kutafuta unayoiendesha mwenyewe, inayokusanya majibu ya injini nyingine) kwa kawaida yake inatoa majibu ya html tu, si json inayosomwa na programu. Ukiomba `/search?q=mvua&format=json` inarudisha 403 (ombi limekataliwa). Dawa ni kufungua faili la mipangilio, `settings.yml`, sehemu ya `search`, chini ya `formats`, ukaongeza `- json` chini ya `- html`, kisha ukaiwasha upya kontena ya Docker (kifurushi kinachoendesha programu). Maelekezo yake marefu kama reli hayana mstari huo hata mmoja.

Hilo ningemsamehe. Nisilomsamehe ni kwamba seva yake ikipata 403 inaimeza kimya na kumpa ajenti orodha tupu, kana kwamba imetafuta kweli ikakosa. Ajenti naye anamgeukia mtumiaji na kumwambia kwa uhakika wote kuwa hakuna taarifa yoyote kuhusu jambo hilo. Umekuta mlango umefungwa, unatangaza mtaani nyumba haina watu! MCP (itifaki ya kuunganisha ajenti na vyombo vyake) ina `isError: true` kwa kazi hiyo hasa: chombo kimeshindwa, sababu ni hii, modeli isibuni. Kaonyeshwa mahali pa kuiweka. "Kwangu inafanya kazi." AKAFUNGA.

Bandari8080: Mkuu punguza moto. Umeangalia limiter (kizuizi cha SearXNG cha maombi mengi)? Ikiwa `limiter: true`, ajenti anayetuma maombi mfululizo anahesabiwa roboti na kuzuiwa. Seva ya ndani isiyo wazi kwa umma haiihitaji, izime.

Mleta uzi: Limiter ikimzuia mtu inatoa 429 (maombi yamezidi). Nimeandika 403! Limiter imezimwa, curl (ombi la moja kwa moja bila seva yake) inatoa 403 ile ile, format=html inapita. Yote hayo yalikuwemo kwenye swali ALILOLIFUNGA.

NafasiSiTab: Kelele zote hizi kwa mistari miwili ya YAML (muundo wa hilo faili la mipangilio). Wengi wenu mnapigia tab, YAML inataka nafasi. `- html` na `- json` zisimame safu moja, la sivyo faili halisomeki na kontena inajizima na kuwaka bila kukoma. Jifunzeni kwanza, ndipo mlie.

DadaStderr: Mtu ni yule yule hata kwangu! Toleo lake jipya lina `print("Seva imewaka")` mwanzoni kabisa. Ukitumia stdio (seva na mteja wakizungumza kwa njia za kawaida za programu), stdout ni njia ya ujumbe wa JSON-RPC, lugha ya MCP, peke yake. Neno lolote la ziada likipita hapo, mteja hawezi kuchambua ujumbe na muunganisho unavurugika. Logi ni za stderr (njia ya makosa): Python andika `print(..., file=sys.stderr)`, Node tumia `console.error`, si `console.log`. Hili limeandikwa wazi kwenye kanuni za MCP, yeye kalipita kama hajaliona.

Mleta uzi: Dada umeona! Na ukimuuliza anafunga.

KontenaPweke: Mnalalamikia print? Mfano wake wa compose (faili la kuwasha kontena kadhaa kwa pamoja) unaielekeza seva kwenye `http://localhost:8080`. Ndani ya kontena, localhost ni kontena hiyo hiyo, kwa hiyo inajigongea yenyewe. Weka jina la huduma, `http://searxng:8080`, zote mbili ziwe mtandao mmoja wa Docker.

Bandari8080: Afadhali hiyo. Mfano huo huo una `"8080:8080"`, maana yake umefungua mlango kwa dunia nzima. Na msijidanganye na ufw (programu ya kuzuia miunganisho), Docker inaandika kanuni zake za iptables na kuipita. Andika `"127.0.0.1:8080:8080"`.

NafasiSiTab: Anayeweka seva mtandaoni bila kusoma hilo anastahili.

DadaStderr: Hakuna anayestahili kuvamiwa kwa sababu ya mfano mbovu. Na kile chombo chake cha kufungua kurasa kinakubali anwani yoyote ile! Ukurasa wenye maagizo yaliyofichwa unaweza kumtuma ajenti `169.254.169.254`, na ukiwa kwenye wingu hapo ndipo zinapochotwa siri za mashine. Zuia anwani zote za ndani, na ukague tena baada ya kila uelekezaji upya, maana anwani safi huweza kukurusha kwenye chafu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Amelifunga swali.

KontenaPweke: Mimi json ilishapita, lakini `results` tupu. Google inaonekana kwenye `unresponsive_engines` (injini zisizojibu) ikiwa imeandikwa CAPTCHA (kipimo cha kuthibitisha wewe si roboti).

Bandari8080: Hiyo si kosa la mipangilio, injini imeikataa IP yako. Zima hiyo, acha injini mbili tatu nyingine, na punguza kasi ya maombi. Hifadhi majibu ya maswali yanayojirudia, maana ajenti huuliza kitu kile kile mara nyingi.

KontenaPweke: Nihifadhi kwa muda gani?

Bandari8080: Habari mpya dakika chache, nyaraka za programu hata siku nzima.

NafasiSiTab: Siku nzima? Toleo likibadilika asubuhi, ajenti anafundisha amri zilizokufa mpaka usiku.