Mdogo wangu amesimamishwa masomo miezi 12 kwa msokoto wa bangi uliokutwa chumbani: naomba ushauri kuhusu rufaa

Dada wa Kilosa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mdogo wangu yuko mwaka wa 2 katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na wiki iliyopita alisimamishwa masomo kwa miezi 12 pamoja na wenzake watatu anaolala nao chumba kimoja hosteli. Usiku wa Jumamosi walinzi waliingia wakakuta chupa mbili za pombe kali mezani, na msokoto wa bangi chini ya godoro ambalo si lake. Jumatatu waliitwa wote kwa pamoja, wakapewa karatasi moja ya maelezo. Mmoja akaandika, wote wanne wakasaini. Alhamisi wakakabidhiwa barua, na majina yao yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na kosa na adhabu. Hakuna aliyeitwa peke yake kuulizwa lolote.

Sitamficha. Ameniambia kwamba usiku ule alikunywa, na anajua kuwa pombe imekatazwa hosteli. Bangi anaikana, nami namwamini. Kinachoniuma ni kwamba mwaka jana, katika jengo hilohilo, vijana waliokutwa na chupa walipewa onyo la maandishi tu. Barua inatoa siku 14 za kukata rufaa na leo ni ya 6. Baba anataka tunyamaze, kijana akae nyumbani alime, arudi mwakani, kwa kuwa anaamini kupingana na chuo ni kumtafutia mtoto maadui. Je, turufani? Na je, nimpeleke akapimwe mkojo ili tuwe na ushahidi?

Mwanasheria wa Kijitonyama

Pole sana, dada. Rufanini, tena bila kuchelewa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inasema kwamba haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na Mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika", mtu huyo ana haki ya "kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu", pamoja na haki ya kukata rufani. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo cha namna hiyo. Kanuni hii ni ya zamani mno: mwaka 1723 mahakama ya Uingereza ilikiamuru Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie Dk. Bentley shahada zake kwa sababu alivuliwa bila kuitwa ajitetee, na jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Adamu aliulizwa kwanza kabla ya kuhukumiwa.

Ombeni kwa maandishi nakala ya kanuni za nidhamu, nakala ya ile karatasi ya maelezo na mwenendo wa kikao. Hoja yenu kuu iwe kwamba watu wanne, ambao huenda kila mmoja alitenda jambo lake, wamehukumiwa kama mtu mmoja. Msikimbilie Mahakama Kuu kabla ya kumaliza ngazi za chuo, lakini mkumbuke kwamba maombi ya kibali cha mapitio ya mahakama (yaani kuiomba Mahakama Kuu ikague uhalali wa uamuzi wa chuo) yana ukomo wa miezi 6 tangu siku ya uamuzi. Suala la majina kubandikwa ubaoni lisimame peke yake, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mlezi Mstaafu

Mwanangu, nimekuwa mlezi wa hosteli kwa miaka mingi na nimekaa kwenye vikao hivyo. Wanafunzi huadhibiwa kwa pamoja kwa sababu kila mmoja hukana, mwenye msokoto hajulikani, na uongozi unaogopa kuambiwa umelea wavuta bangi, na kuvuta bangi ni kosa la jinai. Ninaielewa hofu hiyo, lakini sikuwahi kuiona kuwa haki. Kijana na akiri pombe katika aya ya kwanza kabisa, kwa maneno yake mwenyewe. Kamati ikimwona mtu anakana hata chupa zilizokuwa mezani, huacha kumsadiki hata pale anaposema kweli. Akishakiri, ndipo aombe adhabu inayolingana na ile waliyopewa wale wa mwaka jana.

Mtu wa Maabara

Kuhusu mkojo, dada, zimepita siku 11. Kwa anayevuta mara mojamoja, mabaki ya bangi huonekana kwa siku chache. Kwa mvutaji wa kila siku yanaweza kudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo jibu safi leo halithibitishi kwamba hakuvuta usiku ule, na jibu chafu nalo lisingeonyesha alivuta lini wala wapi. Ulizeni badala yake kama msokoto wenyewe ulipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na uko mikononi mwa nani sasa.

Baba Neema

Nami naomba kuuliza jambo ambalo halijaguswa: alikunywa usiku ule tu, au ni kawaida yake? Mwanangu alisimamishwa mwaka mzima kwa ulevi. Alistahili adhabu, lakini alirudishwa nyumbani bila mshauri wala daktari, akawa hana ratiba wala wenzake, na pombe iliyokuwa ya mwisho wa wiki ikawa ya kila siku. Mwaka ulipokwisha hakuweza kurudi. Katika rufaa yenu ombeni ushauri nasaha chuoni uwe sehemu ya adhabu.

Dada wa Kilosa

Nawashukuru nyote. Baba Neema, swali lako nimempelekea, na baada ya kimya kirefu amekiri kwamba hunywa kila bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) linapoingia, tangu mwaka wa 1. Tumeliandika hilo, tukaomba asikilizwe peke yake na aonane na mshauri wa wanafunzi kila wiki. Baba amesoma barua mara mbili na amekubali kunisindikiza. Kesho saa 2 asubuhi tutakabidhi nakala mbili masijala, na moja tutarudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.