Judith Leyster: saini ipo kwenye picha, iweje wakasema ni ya Frans Hals?

mpenda_rangi
Wakuu habari zenu. Juzi nimekaa naangalia picha za wachoraji wa Uholanzi wa miaka ya 1600 nikakutana na huyu dada Judith Leyster, ile picha amejichora mwenyewe kageuka kwenye kiti, kiwiko kimeegemea, mdomo wazi kidogo kama vile umemkatiza anaongea, mkono mmoja brashi mwingine kashika rundo la brashi na kwenye stendi kuna jamaa anapiga fidla. Nimeipenda balaa. Sasa nikasoma kwamba baada ya kufa 1660 alisahaulika kabisa karibu miaka 200 na ushee na picha zake zikawa zinauzwa kama za Frans Hals, yule mchoraji maarufu wa mji wa Haarlem, au za mumewe ambaye naye alikuwa mchoraji. Swali langu, kama alikuwa anaweka saini ilikuwaje watu wasiione? Na huyu mama alikuwa mchoraji wa kweli mwenye kazi yake au alikuwa mwanafunzi tu wa Hals anamuiga? Wenye ujuzi karibuni.

nyota_ya_haarlem
Karibu sana, umemgusa mtu wangu hapa kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie. Saini yenyewe ndo kisa chote. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bia pale Haarlem kinaitwa Leyster, maana yake ile nyota ya kuongozea mabaharia, na familia ikachukua jina la kiwanda. Kwa hiyo Judith hakuwa anaandika jina lake refu kila mara, alikuwa anaunganisha J na L halafu anachomekea kanyota pembeni. Kadogo tu. Mtu anayetafuta Hals anakaona hakaelewi, anapita, na ukumbuke Hals alikuwa na bei na Leyster hamjui mtu, sasa muuzaji gani atahangaika na nyota?

Mambo yakalipuka London miaka ya 1890. Kuna picha ya 1630 ya mwanamume na mwanamke wanakunywa na kupiga fidla, leo ipo makumbusho ya Louvre kule Paris, ikauzwa kama Hals safi kabisa, mnunuzi akagundua saini sio, wakafikishana mahakamani. 1893 mtaalamu wa Uholanzi Cornelis Hofstede de Groot akaisoma ile alama sawasawa, akaandika na kuonyesha kwamba kuna picha kadhaa za huyo mama. Kinachoniudhi mimi ni kwamba kwenye ile kesi walikuwa wanagombania hela tu, hakuna aliyesema ebu ngoja, kumbe kulikuwa na mwanamke anachora hivi hadi mmemchanganya na Hals! Picha ni ileile, rangi zilezile, ila bei ikashuka.

fundi_turubai
@mpenda_rangi kuhusu uanafunzi, kwamba alisoma kwa Hals hakuna karatasi inayothibitisha, watu wanakisia kwa sababu ya mkono, yaani namna ya kuchora inafanana. Ila kwamba alikuwa fundi kamili hilo halina ubishi, 1633 aliingia chama cha wachoraji cha Haarlem, kile cha Mtakatifu Luka, miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa, na bila chama hufungui karakana wala hufundishi. Yeye alifundisha. Tena 1635 mwanafunzi wake mmoja alimtoroka akahamia kwa Hals, Judith akaenda kumshtaki Hals chamani! Mzazi wa kijana akalipishwa nusu ya ada aliyokuwa anadai Judith, na Hals naye akapigwa faini. Sasa niambie, mtu anayemshtaki Hals kwenye chama utamwitaje kivuli chake 😂

nyota_ya_haarlem
Hahaa umenikumbusha. Na atafute ile picha ya 1631 ipo makumbusho ya Mauritshuis kule The Hague, ni kadogo sana: usiku, mshumaa, mwanamke kainama anashona, nyuma yake mwanamume ana kofia ya manyoya kamshika bega huku kiganja kimejaa sarafu. Wachoraji wengine wa wakati ule wakichora biashara ya namna hiyo, mwanamume anamtongoza mwanamke kwa hela, mwanamke anacheka, glasi mkononi. Huyu wala hainui macho, anashona. Hals hachori hivyo, na mwanga ule wa mshumaa unakumbusha zaidi wachoraji wa mji wa Utrecht, wale waliopenda kuchora usiku kwa mwanga wa mshumaa.

kimya_kimya
Samahani naingilia, ila nadhani mnamkuza. Baada ya kuolewa na Molenaer 1636 picha zinakuwa chache mno, miaka yote hadi kifo. Kama alikuwa moto hivyo mbona alizima?

fundi_turubai
Mkuu, aliolewa na mchoraji, wakahamia Amsterdam, akazaa watano wakakua wawili tu, na biashara ya karakana ya mume nani alikuwa anaiendesha? Picha zisizo na saini kutoka nyumba ile huwezi kusema mkono ni wa nani. Na hakuacha kabisa, kuna tulipu ya 1643 yenye jina lake.

kimya_kimya
Sawa, hapo kwenye kuendesha karakana sikuwaza.

mpenda_rangi
Asanteni sana. Nimerudi kuiangalia ile ya kwanza nikaona kitu, amevaa kola kubwa ya lesi nyeupe ile ya kutokea kabisa, nani anachora na rangi za mafuta amevaa hivyo??

nyota_ya_haarlem
Hakuna 😄 ni tangazo hilo, anakwambia mimi ni fundi na sio wa njaa. Na yule mpiga fidla kwenye stendi, walipoipiga picha kwa miale ya infraredi wakakuta chini yake kulikuwa na sura ya msichana, aliifuta akaweka jamaa anayecheka, maana ndo alivyokuwa anauza. Sasa msichana mwenyewe nani, wengi wanahisi ni Judith mwenyewe.