Ndege ya nyuzi za kaboni hustahimilije radi?

Swali: Ndugu wataalamu, alumini, iliyozoeleka kwenye bodi za ndege, hupitisha umeme wa radi vizuri; je, Boeing 787, yenye bodi ya nyuzi za kaboni, huthibitishwaje kuwa salama?

Jibu 1: Chini ya rangi hulazwa wavu mwembamba wa shaba unaosambaza mkondo. Katika maabara, kipande cha bodi hupigwa mkondo wenye kilele cha ampia 200,000, kisha hukaguliwa kama kimetoboka au tabaka zake zimeachana.

Jibu 2: Naongezea kwamba linalonitia hofu zaidi ni tangi la mafuta. Mwaka 1963 radi iliwasha mvuke wa mafuta bawani mwa Boeing 707 ya Pan American huko Elkton, Maryland, na watu wote 81 wakafariki. Ndiyo maana viungio vya tangi hupigwa umeme gizani, mbele ya kamera, ili cheche hata ndogo ionekane.

Muulizaji: Ahsanteni. Na kompyuta za ndege?

Jibu 1: Hizo hupitishiwa mapigo ya umeme kwenye nyaya zikiwa zinafanya kazi, kwa kuwa radi huzusha volteji ndani hata isipozigusa.