Ulinganisho: Terraform remote-exec, Ansible au cloud-init kwa kuandaa seva mpya kupitia SSH?

FundiMtambo

Wakuu, habari za kazi. Naomba tulinganishe njia za kuandaa seva mpya bila mtu kukaa mbele ya skrini. Hali ni hii: seva 12 za Ubuntu 24.04 kwenye AWS, 8 ziko Frankfurt na 4 Cape Town. Kila eneo lina seva moja ya lango yenye anwani ya umma. Zilizobaki zina anwani za ndani tu, 10.20.x.x kule Frankfurt na 10.30.x.x Cape Town. Zinaundwa na Terraform (chombo cha kuunda seva kwa kufuata faili za mipangilio), na huvunjwa na kuundwa upya mara kwa mara. Kila moja inahitaji mtumiaji wa kazi, funguo zake, nginx (seva ya wavuti) na mipangilio ya sshd, programu inayopokea miunganisho ya SSH kwenye seva.

Zilizo mezani ni remote-exec ndani ya Terraform yenyewe (inaendesha amri kwenye seva baada ya kuiunda), Ansible (chombo cha kusanidi seva nyingi) kupitia SSH, na cloud-init (programu ndani ya seva inayofuata maelekezo inapowaka). Amri zinatoka kwenye kompyuta iliyoko Dar. Kinachosumbua zaidi ni lile swali la `Are you sure you want to continue connecting`, ambalo SSH huliuliza inapokutana na seva isiyoijua, linalosimamisha kazi nzima katikati.

KamandaRoot

Mkuu, iondoe remote-exec kwanza. Hata nyaraka za HashiCorp, watengenezaji wa Terraform, zenyewe zinasema ni njia ya kukimbilia pale nyingine zote zikishindikana, na sababu zake ni za kiutendaji:

Terraform haitumii programu ya `ssh` iliyoko kwenye kompyuta yako. Ina maktaba yake ya SSH iliyoandikwa kwa Go, kwa hiyo haisomi `~/.ssh/config`. Kila kitu ulichokipanga humo, lango likiwemo, unakiandika upya kwenye `connection` kwa `bastion_host`, `bastion_user` na `bastion_private_key`.

Swali linalokusumbua halitatokea, lakini kwa sababu mbaya: usipoweka `host_key`, Terraform haihakiki utambulisho wa seva kabisa.

Amri za `inline` hugeuzwa skripti moja inayopakiwa `/tmp` kisha kuendeshwa. Kama `/tmp` imewekwa `noexec` (hairuhusu programu kuendeshwa humo), unapata `Permission denied`, na utapoteza muda ukikagua funguo ambazo hazina kosa. Weka `script_path` mahali pengine. Halafu amri ya kwanza iwe `set -e`. Bila hiyo, amri ya tatu ikifeli na ya mwisho ikafaulu, Terraform inahesabu kazi imefanikiwa.

La nne ndilo zito zaidi. Skripti ikifeli, seva inatiwa doa, na `apply` inayofuata inaibomoa na kuiunda upya. Mtandao umekatika sekunde chache wakati wa `apt`, seva nzima inakwenda. Kwa anayetuma amri Frankfurt kutoka Dar, huo ni mtego.

BintiSeva

Naunga mkono. Kwa Ansible, huu ndio msingi wa `~/.ssh/config`:

```
Host lango-fra
    HostName 203.0.113.10
    ControlMaster auto
    ControlPath ~/.ssh/cm-%C
    ControlPersist 10m

Host 10.20.*
    ProxyJump lango-fra

Host lango-fra 10.20.*
    User ubuntu
    IdentityFile ~/.ssh/otomatiki_ed25519
    IdentitiesOnly yes
    ServerAliveInterval 15
    ServerAliveCountMax 4
```

`ProxyJump` hupitisha muunganisho kwenye lango; `ControlMaster` huruhusu amri nyingi kushiriki muunganisho mmoja, na `ControlPersist` huuacha wazi kwa muda. Cape Town ni nakala yake yenye `lango-cpt` na `10.30.*`. Kumbuka SSH huchukua thamani ya kwanza inayoikuta, si ya mwisho. Ukiwa na `Host *`, iwe chini kabisa ya faili.

`IdentitiesOnly yes` msiidharau. Wakala wa funguo akibeba funguo saba, zote hujaribiwa kwa zamu, na `MaxAuthTries` ya sshd kwa kawaida ni 6. Ufunguo sahihi ukiwa wa saba unafukuzwa na `Too many authentication failures` kabla haujafikiwa. Ile mistari miwili ya `ServerAlive` inafanya muunganisho uliokufa ugundulike kwa takriban dakika moja badala ya kazi kuning'inia.

Sasa `ansible.cfg`:

```
[defaults]
forks = 12

[ssh_connection]
pipelining = True
ssh_args = -C -o ControlMaster=auto -o ControlPersist=10m
```

Hapa wengi wanakosea. Wanaandika `ControlPersist` ya seva za ndani kwenye `~/.ssh/config` na kushangaa haifanyi kazi. Ansible hupeleka `ControlPersist=60s` kwenye mstari wa amri, na mstari wa amri hushinda faili. Ibadilishe kwenye `ssh_args`.

`pipelining` ndiyo inayoleta tofauti kubwa kwa sisi tulio mbali na seva. Bila hiyo kila kazi ndogo ni safari kadhaa: kuunda folda ya muda, kupakia moduli, kuipa ruhusa, kuiendesha, kufuta. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 150 na una kazi 40: kila safari ya ziada kwa kila kazi ni sekunde 6 za kusubiri tu, na safari za ziada si moja. Ikiwa imewashwa, moduli inapita moja kwa moja kwenye muunganisho ulio wazi. Sharti lake ni kwamba sudoers isiwe na `requiretty`, Ubuntu haina.

MzeeWaTerminali

Dada BintiSeva kaeleza vizuri. Naongeza mambo mawili kuhusu lango, kwa sababu kwa `forks = 12` (seva 12 kwa mpigo) litakuumiza.

sshd huja na `MaxStartups 10:30:100`. Maana yake, miunganisho ambayo bado haijathibitishwa ikifika 10, kila mpya ina uwezekano wa asilimia 30 wa kukataliwa, na uwezekano huo unapanda hadi yote ikataliwe kwenye 100. Ansible ikigonga lango moja mara nyingi kwa mpigo, baadhi ya seva zitarudi `UNREACHABLE` na ujumbe wa `kex_exchange_identification: Connection closed by remote host`. Ukiendesha tena zinapita nyingine. Mtu anadhani ni mtandao, kumbe ni kikomo.

`ControlMaster` ya lango inasaidia, ila si kwa sekunde za kwanza: michakato yote inaanza pamoja, hakuna anayekuta soketi tayari, kila mmoja anafungua muunganisho wake. Dawa ni kufungua muunganisho mkuu kabla ya Ansible:

```
ssh -fNM lango-fra
ssh -fNM lango-cpt
```

Zinazofuata zitapita humo humo. `MaxSessions` haitakuzuia hapa kwa sababu inahesabu vikao vya amri, haihesabu upitishaji wa miunganisho ambao ProxyJump inautumia.

La pili, njia ya soketi ina kikomo cha urefu: baiti 108 kwenye Linux, 104 kwenye macOS. `%C` peke yake ni herufi 40, na ssh huongeza mkia wa muda wakati wa kuunda soketi. Folda ya nyumbani ikiwa ndefu, kama ilivyo kwenye mitambo mingi ya kujenga programu, unapata `too long for Unix domain socket`. Weka `control_path_dir` mahali pafupi.

KodiPwani

Habari zenu. Naona cloud-init imesahaulika, na kwa maoni yangu ndiyo inayotakiwa kubeba hatua ya kwanza. Haihitaji SSH kabisa: seva inajisomea maelekezo inapowaka. Mtandao wa Dar au Mombasa ukikatika, seva inaendelea na kazi yake. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya ukanda huu ilizorota kwa siku kadhaa. Kazi inayotegemea muunganisho hai wa SSH katika hali kama hiyo haiendi.

```
#cloud-config
users:
  - default
  - name: otomatiki
    shell: /bin/bash
    sudo: "ALL=(ALL) NOPASSWD:ALL"
    ssh_authorized_keys:
      - ssh-ed25519 AAAA... otomatiki
package_update: true
packages: [nginx]
```

Mstari wa kwanza uwe huo huo, bila nafasi wala mstari mtupu juu yake, la sivyo faili lote halitambuliki. Ukisahau `- default`, mtumiaji `ubuntu` hataundwa. Kagua kwa `cloud-init schema --config-file` kabla ya kutuma. Kikomo cha AWS ni kilobaiti 16. Na kwa kawaida maelekezo haya huendeshwa mara moja tu katika maisha ya seva, kwa hiyo si chombo cha kubadilisha mipangilio mwezi ujao. Hiyo ni kazi ya Ansible.

Ukiziunganisha hizo mbili, poti 22 hufunguka mapema kuliko cloud-init inavyomaliza. Ansible inaingia, inaita `apt`, inagongana na `/var/lib/dpkg/lock-frontend`. Kazi ya kwanza kuendeshwa ndani ya seva iwe `cloud-init status --wait`, na `gather_facts` (Ansible kukusanya taarifa za seva mwanzoni) uizime hadi hapo. Kabla yake weka `wait_for_connection`, ambayo husubiri hadi sekunde 600.

Junior_net

Kwa lile swali la yes/no, mimi naona `StrictHostKeyChecking no` inatosha. Mstari mmoja, umemaliza. Seva ni za ndani hata hivyo.

MzeeWaTerminali

Hapana ndugu yangu, hilo nalipinga kabisa. Kwa `no`, hata ufunguo uliobadilika unaruhusiwa: unapewa onyo kwenye logi ambayo hakuna anayeisoma, na kazi inaendelea. Na kazi ya maandalizi ndiyo inayobeba siri zote, nywila za hifadhidata na vyeti vya TLS. Ukiunganishwa na mashine isiyo yako, unaikabidhi vyote.

Cha chini kabisa ni `accept-new`, ipo tangu OpenSSH 7.6 ya mwaka 2017. Inapokea seva mpya bila kuuliza, inakataa iliyobadilika. Tatizo lake kwa FundiMtambo: seva zinavunjwa na anwani 10.20.1.11 inarudi kwa seva nyingine. Utakutana na `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`. Hatua ya kuvunja seva iambatane na `ssh-keygen -R 10.20.1.11`.

Na `ssh-keyscan` msiifanye dawa. Inachukua ufunguo kupitia mtandao ule ule usioaminika. Ukitaka uhakika, cloud-init huandika funguo za seva kwenye konsoli, kati ya mistari ya `BEGIN SSH HOST KEY KEYS` na `END`. Zisome kwa `aws ec2 get-console-output --latest`, uzihamishie `known_hosts`, faili la funguo za seva unazoziamini. Hapo uthibitisho unapita kwenye AWS yenyewe, nje ya SSH.

KodiPwani

Kuna pia `ssh_keys` ndani ya cloud-init: unatengeneza ufunguo wa seva mwenyewe na kuupeleka. Ni rahisi, lakini ufunguo wa siri unabaki kwenye data ya seva, na programu yoyote ndani ya seva inaweza kuuomba kupitia 169.254.169.254. Sipendekezi.

BintiSeva

Kwa seva zinazozaliwa na kufa kila wiki, vyeti vya SSH (funguo zilizosainiwa na ufunguo mmoja unaoaminika) ndivyo vinavyokata mzizi wa tatizo. Vipo tangu OpenSSH 5.4 ya 2010. Unakuwa na funguo mbili za kusainia, moja ya seva na moja ya watumiaji, zisichanganywe:

```
ssh-keygen -s ca_seva -I web1 -h -n 10.20.1.11 -V +52w ssh_host_ed25519_key.pub
ssh-keygen -s ca_watumiaji -I kazi-981 -n otomatiki -V -5m:+1h otomatiki_ed25519.pub
```

Kwenye seva weka `HostCertificate` na `TrustedUserCAKeys`. Kwenye kompyuta yako, `known_hosts` inabaki na mstari mmoja kwa mtandao wote:

```
@cert-authority 10.20.*,10.30.* ssh-ed25519 AAAA...
```

Anwani ikirudi kwa seva mpya, hakuna kelele, mradi seva hiyo ina cheti. Cheti cha mtumiaji kinakufa baada ya saa moja, kwa hiyo kikiibwa hakina maisha. Zile dakika 5 za nyuma zisiondolewe: saa ya seva ikichelewa kidogo utapata `Certificate invalid: not yet valid`. Na jina lililo kwenye `-n` lisipolingana na mtumiaji unayeingia kwake, utaona `name is not a listed principal`.

Gharama yake ni kwamba ufunguo wa seva lazima usainiwe baada ya kuzaliwa, na `ca_seva` isikae kwenye seva yenyewe. Kwa seva 12 na mtu mmoja, anza na cloud-init, Ansible na kusoma konsoli. Mkiwa watu watatu au wanne wenye funguo, hamia kwenye vyeti.

FundiMtambo

Asanteni sana. Nachukua cloud-init kwa mtumiaji na pakiti, kisha Ansible. Swali la mwisho: faili `99-usalama.conf` kwenye `sshd_config.d` halibadilishi kitu, na `Port 2222` vilevile haishiki baada ya `systemctl restart ssh`.

KamandaRoot

Ni mambo mawili tofauti. sshd pia hufuata thamani ya kwanza, na cloud-init huweza kuandika `50-cloud-init.conf`, inayosomwa kabla ya 99 yako. Liite `10-usalama.conf`. Hakiki kwa `sshd -t`, kisha `sshd -T | grep -i passwordauth` uone thamani inayotumika kweli.

Kuhusu poti, Ubuntu 24.04 huwasha SSH kupitia soketi ya systemd, nayo ndiyo inayoshika poti. Baada ya kubadilisha:

```
systemctl daemon-reload
systemctl restart ssh.socket
```

Usifunge kikao ulichonacho. Fungua cha pili kwenye 2222 kwanza, na hakikisha kikundi cha usalama cha AWS kinairuhusu. Kwenye Ansible weka `ansible_port` mpya kisha `meta: reset_connection`, la sivyo kazi zinazofuata zitaendelea kupita kwenye soketi ya zamani iliyobaki wazi kwa `ControlPersist`, na utaamini poti mpya inafanya kazi kabla haijajaribiwa.