Nimelipa 115,000 kwa loki ya mlango wa gari, fundi kanipasulia paneli ya ndani ya mlango, na loki yangu ya zamani anaiuza!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikiruka herufi mnivumilie.

Nina gari, Toyota IST ya 2004. Silaumu waliolitengeneza, miaka yote hiyo loki zimefanya kazi. Miezi michache iliyopita mlango wa nyuma kushoto ukaanza kugoma. Ukibonyeza rimoti milango mitatu inajifunga vizuri, huo wa nne unaguna kidogo halafu kimya. Kwa mkono unafunga na kufungua, laini kabisa. Nikawa napuuzia mpaka kibaka alipoufungua kwenye foleni Buguruni akaondoka na begi la shule la binti yangu.

Nikaenda kwa fundi umeme mmoja hapa Ilala. Hakushika tesa ya kupimia umeme, hakufungua chochote. Kabonyeza rimoti mara mbili, katikisa kichwa: "Bosi, loki imekufa hii. Hazitengenezwi, ni kubadili nzima." Elfu 90 loki ya mtumba, 25 ufundi. Nikalipa.

Shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi gereji ndiye aliyenifumbua macho, nimeshachelewa. Loki ikiwa laini kwa mkono, vyuma vyake ni vizima. Kilichochoka ni kamota kadogo kaliko ndani yake, saizi ya kale ka kwenye magari ya kuchezea watoto. Kanapewa volti 12 kwa muda mfupi tu. Waya zikigeuzwa chanya na hasi, kanazunguka upande wa pili, ndiyo kufunga na kufungua kwenyewe. Kaboni zake za kupitishia umeme zikilika, kanabaki kanaguna bila nguvu ya kusukuma. Unapasua kasha taratibu, unapachika kamota kengine, unagandisha. Kamota kenyewe elfu chache tu!

Sasa sikilizeni alivyofanya. Paneli kaing'oa kwa bisibisi bapa, klipu nne zikakatika hapo hapo. Ile nailoni ya ndani inayozuia maji kaichana kama mfuko wa mkate. Kafunga loki yake, karudisha paneli, kabamiza mlango BILA kujaribu kwanza. Ukagoma kufunguka. Nje haufunguki kwa sababu rodi inayounganisha mkono wa nje wa mlango na loki hakuipachika. Ndani haufunguki kwa sababu ile ya mtumba ilikuja na loki ya watoto imewekwa, ile inayozuia mlango kufunguliwa kwa ndani, na hakuitazama. Hiyo loki ya watoto na skrubu zote ziko kwenye ukingo wa mlango, ukishajifunga huzifikii kamwe. Mtu mzima kalala kiti cha nyuma kwa muda wa saa mbili na nusu, miguu inaning'inia nje, anavuta paneli mpaka ikapasuka pembeni ya spika, ndipo akaipata rodi. Kisha anasema niongeze 20 ya usumbufu. Usumbufu wa nani?

Sikuongeza. Nikaomba loki yangu ya zamani. "Nimeshaitupa bosi." Nikaondoka zangu. Mvua ya juzi maji yakaingia mpaka kwenye swichi ya kioo, nayo sasa inashika ikitaka.

Jumamosi nikarudi kumdai klipu na nailoni. Hakuwepo, yupo dogo tu. Mezani pamepangwa loki, na moja ina matone ya rangi nyeupe kwenye soketi. Hayo matone nayajua, ni ya siku mlango wangu ulipopigwa rangi. Nikajifanya mteja, nikauliza bei.

"Elfu 80 bro. Hii nzima kabisa, bosi kaibadilisha mota juzi."

Hazitengenezwi, eti!

Picha nimepiga. Kesho asubuhi naenda na shemeji na mjumbe, nataka loki yangu, klipu zangu na hela ya paneli. Aliyewahi kumdai fundi akalipwa aniambie alianzia wapi, maana polisi naona watanizungusha tu. Na mwenye paneli ya nyuma kushoto ya IST, rangi ya kijivu, isiyopasuka, anitajie bei.